Siti ya Tatu

Nimepewa futi, fomu na kalamu ya wino mweusi.
Kila alfajiri, stendi ya Makambako,
naingia mabasini kama daktari wodini:
samahani jamani, vuteni miguu kidogo,
napima nafasi ya goti.

Kutoka mgongo wa siti hadi mgongo wa siti
ndipo ilipoandikwa heshima ya msafiri.
Sentimita chache zaidi, umepanda daraja.
Sentimita chache pungufu, wewe ni wa kawaida,
na goti lako litakukumbusha hadi mteremko wa Kitonga.

Basi dogo: Koasta ya Ludewa,
tope limepanda mpaka kwenye vioo,
kuku wawili wamefungwa miguu nyuma ya dereva.
Fomu inauliza: buti lipo?
Nimeandika: lipo. Limejaa viazi.

Basi kubwa, daraja la kawaida: mbili kwa tatu.
Yule wa katikati hana dirisha, hana njia,
anasinzia kwa zamu
bega la mgeni huyu, bega la mgeni yule.

La kati: mbili kwa mbili, mapazia,
luninga yenye sinema ileile tangu Tunduma
mpaka jambazi anazoeleka kama shemeji.

La juu: choo, chaja, maji ya chupa,
na kiyoyozi.
Kiyoyozi! Makambako! Mwezi wa saba!
Hapa ambapo upepo haubishi hodi, unaingia mfupani,
ambapo mbwa wa stendi hulala chini ya injini
iliyozimwa sasa hivi.
Nacheka peke yangu, kisha natia vema.
Fomu haijawahi kulala Makambako.

Juzi Chengula kaleta basi lake lilelile,
la mbili kwa tatu, nililolipima mimi mwenyewe mwaka jana.
Rangi mpya. Fundi Mahenge
kang'oa siti moja kila mstari,
zilizobaki kazisogeza, kazivika ngozi ya bandia.
"Ingia, mkaguzi. Hili sasa si lile."
Nikapima. Kweli, si lile.
Nyundo ya kuvunjia kioo ipo.
Kizima moto hakijapita tarehe.
Mikanda inafunga, niliivuta yote, mmoja mmoja.
Mashimo ya nati yamefichwa chini ya zulia,
kisigino changu kiliyahesabu,
lakini kisigino hakina kisanduku kwenye fomu.
Nikaandika: DARAJA LA KATI.
Nauli ikapanda kabla wino haujakauka.

Siti zenyewe nilizikuta kibandani kwa Mama Tumwitike,
zimepigiliwa kwenye mbao, zinaitazama barabara.
Namba bado zinasomeka: tatu C, saba C, kumi na moja C.
Kwenye saba C alikaa mama mmoja wa Lupembe,
ndoo ya parachichi katikati ya miguu,
khanga mbili na koti la mwanamume.

"Safari ya wapi, mama?"
"Iringa. Binti yangu kajifungua."
"Basi la Chengula limeondoka sasa hivi."
"Nimeliona. Siku hizi si saizi yangu."

Akasogeza ndoo. Nikakaa kumi na moja C.
Mazoea ni ugonjwa: mkono ukatoa futi.
Mbele ya goti hapakuwa na mgongo wa mtu,
palikuwa na lami, yote, mpaka Mafinga na mbele ya Mafinga,
na moshi wa chai ya tangawizi ukienda upande.
Nikaikunja futi.

Koasta ikasimama, tope hadi kwenye vioo.
Konda akaning'inia mlangoni:
"Iringa! Moja tu, Iringa!"

Mama hakunyanyuka.
Aliuliza kwanza, mkono juu ya ndoo:
"Daraja gani hilo?"

Konda akanitazama mimi.